Somo: Mteja kakatisha mkataba katikati, ushtaki au uachie?

Wadau, kila mara napata ujumbe wa mtu wa kazi huru aliyesitishiwa mkataba, bado ana hasira, anauliza: "Nimshtaki?" Mimi humrudishia swali: unadai nini hasa, na kiasi gani? Wengi hapo hukwama. Na mimi nilikwama.

Nilikuwa na mkataba wa miezi 6 wa kutafsiri miongozo ya mitambo. Mwezi wa tatu, saa nne usiku, ikaingia barua pepe ya mistari miwili: huduma yako imesitishwa kuanzia leo, asante. Sikulala. Nilipiga hesabu ya miezi 3 iliyobaki nikaona hiyo yote ni haki yangu. Wakili niliyemwendea alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu cha 9: upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Madai ya miezi 3 yakawa ya siku 14, pamoja na ankara moja iliyokuwa haijalipwa. Iliniuma sana, lakini alikuwa sahihi.

Hatua ya 1: Soma kifungu cha kusitisha kabla hujamjibu mteja

Kusitisha mkataba na kuvunja mkataba ni vitu viwili. Kama mkataba unamruhusu kutoka kwa notisi, naye notisi katoa, hajavunja kitu, hata kama kakuumiza. Kosa huanza anaporuka notisi, anapokutoa kwa madai ya kazi mbovu bila kukupa nafasi ya kurekebisha iliyoandikwa mkatabani, au anapokataa kulipia kazi aliyokwisha kuipokea. Hamkuandikiana? Nchi nyingi zinatambua makubaliano ya mdomo. Shida ni kuyathibitisha, na hapo ujumbe wa simu na ankara alizowahi kulipa ndizo nguvu yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa mafungu matatu

Chukua daftari. Fungu la kwanza ni kazi uliyokabidhi na hujalipwa. Hili ndilo lenye nguvu kuliko yote. La pili ni malipo ya kipindi cha notisi uliyonyimwa. La tatu ni faida uliyoitarajia, na hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Hadley dhidi ya Baxendale. Kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester kilivunjika mhimili wa injini, msafirishaji akachelewa kuufikisha kwa mafundi, kinu kikaendelea kusimama. Wenye kinu walidai faida waliyoikosa, madai yakagonga mwamba: haikuwa hasara ambayo pande zote mbili zingeitarajia wakati wa kukubaliana. Kanuni hiyo bado inafuatwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Kwa hiyo kama ulikopa ukanunua kompyuta kwa ajili ya mkataba huo, na mteja hakujua, usitegemee atabebeshwa mkopo wako. Tena unatarajiwa kupunguza hasara yako kwa kutafuta kazi nyingine. Ulichopata kwenye muda huohuo kinaweza kukatwa kwenye fidia.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi

Leo, si kesho. Mteja akikufungia akaunti, mawasiliano yote yanakwenda nayo. Hifadhi mkataba, ankara, tarehe za kukabidhi kazi na pale aliposema "nimepokea". Siri za biashara yake usiziguse.

Hatua ya 4: Andika barua ya madai

Taja kifungu alichokiuka, kiasi kwa mchanganuo, na siku ya mwisho ya kulipa. Bila matusi, bila kumtangaza mitandaoni. Mimi nilimpa siku 14, akalipa siku ya 11. Madai mengi madogo yanaweza kuishia hapa.

Hatua ya 5: Sasa pima kama uende mahakamani

Weka mafungu mawili ya kwanza upande mmoja. Upande wa pili weka ada ya mahakama, wakili, na siku utakazopoteza bila kufanya kazi. Ulizia kama kuna mahakama ya madai madogo, maana nyingine hazihitaji wakili. Kisha jiulize kama mteja ana mali. Kushinda ni jambo moja, kukazia hukumu, yaani kuhakikisha analipa kweli, ni jingine. Msimamo wangu: kama unachodai hakifiki angalau mara mbili ya gharama, usivuke hatua ya 4.

Maswali ya wanachama

Mkuu, mteja wangu yuko nchi nyingine, na mkataba unasema migogoro iende kwa msuluhishi. Nimekwisha?

Hapana. Kifungu hicho kinaweza kukusaidia. Mkataba wa New York wa 1958 unazibana nchi wanachama, ambazo ni zaidi ya 160, kutambua na kutekeleza tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya msuluhishi, zilizotolewa nje, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Hukumu ya kawaida ya mahakama mara nyingi huvuka mpaka kwa taabu zaidi. Angalia tu gharama ya usuluhishi kwanza, inaweza kuzidi deni.

Nimemtengenezea tovuti, hajalipa. Naweza kuizima?

Usiizime, ndugu yangu. Soma kwanza hakimiliki inahamia kwake lini. Kama ni baada ya malipo kukamilika, liandike hilo kwenye barua ya madai. Ukizima biashara yake kwa mkono wako, unaweza kugeuka wewe mdaiwa.

Kanitumia karatasi: nipokee nusu, nisaini kwamba sina madai zaidi. Nifanyeje, mwalimu?

Ukisaini, huenda nusu nyingine imekwenda moja kwa moja. Fanya hatua ya 2 kwanza. Kama nusu hiyo inafunika fungu la kwanza lote, mimi ningeifikiria kwa uzito. Kama haifuniki, mrudishie mchanganuo wako na umpe tarehe.