Kuishirikisha Hadhira katika Muziki wa Kielektroniki wa Papo kwa Papo

Hatua ya 1. Hamisha meza yako ya vifaa kutoka jukwaani hadi katikati ya ukumbi, kisha weka spika nne pembeni, kila moja ikipokea njia yake ya sauti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 10 kutoka kwenye spika huisikia baada ya milisekunde 29 hivi. Ndiyo sababu siwaombi watu wapige makofi kwa pamoja, kwani kila kona itakuwa na mapigo yake.

Hatua ya 2. Tafuta kitu cha kuguswa. Mimi hutumia ubao mkavu ambao chini yake nimebandika kisahani cha piezo, yaani kipaza sauti kinachopokea mtetemo wa mbao badala ya hewa. Kiunganishe kwenye tundu la gitaa la kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta), la sivyo besi itapotea. Kucha ikikwaruza, utasikia kama mchanga unaomwagika. Kiganja kikipiga, kama ngoma ya mbali. Zamani nilikuwa nikizungusha kipaza sauti cha kawaida miongoni mwa watu, mpaka mmoja alipopita nacho mbele ya spika, kikapiga mluzi mkali, ukumbi mzima ukaziba masikio.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Mguso usikike jinsi ulivyo, papo hapo, kwenye spika iliyo karibu na ubao; bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata) ya sampuli 128 huchelewesha kwa milisekunde chache tu. Baada ya sekunde mbili, nakala yake iliyogeuzwa iingie kwenye spika ya pili, kisha ya tatu. Ukianza na sauti iliyogeuzwa, aliyegusa hataitambua kuwa ni yake, naye ataondoka. Akikwaruza polepole, punguza ala zako, umpishe.

Hatua ya 4. Ukiwapa pia kitufe cha kuzungusha, kiwekee mipaka. Thamani za MIDI, yaani lugha ya kidijitali ambayo vifaa vya muziki hutumia kuwasiliana, huanzia 0 hadi 127. Ruhusu 40 hadi 90, kwa kuwa kila mtu, nami nikiwemo, hukizungusha kwanza hadi mwisho. Kuhusu ukubwa wa sauti, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinataka wastani wa dakika 15 usizidi desibeli 100.

Hatua ya 5. Usizime ghafla. Shusha ala zako moja moja, kisha nakala, hadi ubaki mguso mtupu wa ubao. Wagusaji wakiacha wenyewe, funga mikisa, yaani kifaa cha kuchanganya sauti.