Chuo, kazi na maisha yako: anza na masaa

Wiki ina masaa 168, toa usingizi wa masaa 8 kila siku unabaki na 112, sasa hapo ndo uanze kugawa. Ratiba ya chuo ikitoka tu, andika tarehe za mitihani na asaimenti zote kwenye kalenda ya simu kabla hujakubali shifti yoyote, alafu mpe bosi nakala mapema maana ukimwambia siku moja kabla ya pepa atakuona msumbufu tu. Kusoma usiku ukitoka kazini mara nyingi ni kujidanganya, macho yapo kwenye notsi akili ishalala, bora uamke alfajiri usome lisaa limoja simu ikiwa chumba kingine. Washkaji je? Wape siku yao, na usibebe madaftari.