Mchezaji anayewaibia wenzake kwenye D&D

Kwa mnaoendesha Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake kwenye stori na dadu inaamua kama jambo limefaulu, kuna yule mchezaji anachukua mhusika mwizi halafu wenzake wakilala pangoni yeye anawapekua mifuko, ukimuuliza anakujibu "si ndo mhusika wangu alivyo". Hapo ma-DM (waendesha gemu) wengi wanamkomoa humohumo ndani ya gemu, wanamshushia joka au mtego wa kumuua, jamaa anaona sasa ni ligi kati yako na yeye na wiki ijayo anakuja na mhusika mbaya zaidi.

Mvute pembeni kabla hamjaanza, au mpigie simu, sio mbele za watu. Mwambie huyo mhusika umemuunda wewe, kwahiyo nipe sababu kwa nini bado anatembea na hawa wenzake na kwa nini hawajamfukuza. Akiitafuta mwenyewe, labda wanadaiana, labda mmoja ni ndugu yake, hapo umeshapata na stori ya bure.

Halafu wekeni sheria moja mezani, ukitaka kumfanyia mchezaji mwenzako kitu, kumwibia, kumpiga, kumroga, huyo anayefanyiwa ndo anaamua kama imefaulu, d20 (dadu ya pande ishirini) hairushwi kabisa. Wizi unapungua wenyewe, maana utamu wote ulikuwa kwenye kurusha ile dadu.

Kama shida yake ni kudakia wenzake tu, wapeni zamu kama kwenye vita, hata mkiwa sokoni mnanunua kamba na mienge.

Akigoma kabisa, muage kistaarabu, mpira mtaendelea kuangalia pamoja.