Somo: Kufungua ganda la mbegu zinazogoma kuota

Umepanda, umemwagilia wiki tatu, ukifukua unaikuta mbegu vilevile ulivyoiweka, ngumu na inang'aa kama kokoto. Haikuoza wala haikuvimba. Wengi wakifika hapo humwaga trei wakidhani mbegu imekufa. Mara nyingi iko hai kabisa, ila haijanywa maji.

Ganda la mbegu za namna hii lina tabaka la seli ndefu zilizosimama wima na kubanana kama vijiti kwenye furushi, juu yake kuna nta. Maji hayana pa kupita. Porini kazi ya kulifungua hufanywa na moto wa nyika, jua kali la mchana likifuatwa na ubaridi wa usiku, au tumbo la mnyama. Tabia hii utaikuta zaidi kwenye jamii ya mikunde, kama lusina, mgunga, mkwaju na mkrismasi, na kwa jamaa wa bamia, mbuyu ukiwemo.

Kwanza, pima. Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Loweka mbegu 20 kwenye maji ya kawaida kwa saa 24, kisha hesabu zilizovimba. Zikiwa nyingi zimevimba, weka msasa kando, hazina ubwete wa ganda, yaani ganda lake halizuii maji. Mwarobaini kwa mfano hauhitaji kukwaruzwa. Shida yake ni kwamba mbegu hufa haraka zikikaa, kwa hiyo unataka mbichi.

Kukwaruza. Kwa mbegu kubwa na chache, tumia msasa, tupa au mkasi wa kucha. Tafuta kitovu, lile kovu dogo mbegu iliposhikilia tunda. Mzizi huchipukia karibu na hapo, basi wewe kwaruza upande wa pili. Sugua taratibu huku ukipuliza vumbi. Mng'ao utapotea, rangi ya kahawia itafifia, kisha kitatokea kidoa kilichopauka, kidogo kama kichwa cha pini. Simama hapohapo. Kidoa kimoja kinatosha kupitisha maji. Huna haja ya kuimenya mbegu nzima.

Mbegu ndogo huwezi kuzishika moja moja. Bandika msasa ndani ya kopo, upande unaokwaruza uelekee ndani, tia mbegu, funga, tikisa. Kila baada ya dakika chache toa kadhaa uzitazame. Zikipoteza mng'ao, zijaribu kwenye maji kabla hujaendelea.

Maji moto. Njia hii inafaa kwa mbegu nyingi kwa pamoja. Chemsha maji, yawe mara 5 hadi 10 ya ujazo wa mbegu. Epua. Subiri mapovu yatulie, ndipo umwage mbegu ndani na kuziacha zipoe humo humo kwa saa 12 hadi 24. Lusina inataka upole zaidi: maji ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 3 au 4, kisha unahamishia kwenye maji baridi. Nasisitiza kuepua kwa sababu nilishawahi kuacha sufuria jikoni "dakika moja tu". Zilivimba vizuri mno, nikafurahi, kumbe nimezipika. Baada ya siku nne zilikuwa zinanuka.

Kesho yake chambua. Zilizovimba zipande, zilizobaki kama zilivyokuwa zirudie kwa maji moto au msasa. Usizichanganye, maana zilizovimba hazivumilii kungoja wenzake.

Asidi. Kwenye maabara na vitalu vikubwa hutumia asidi kali ya salfuriki, kwa dakika kadhaa hadi saa kadhaa kutegemea mbegu. Nyumbani hapana. Inaunguza ngozi na macho, na msasa utakufikisha kulekule.

Panda siku hiyohiyo, kina kama mara mbili ya unene wa mbegu, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimesugua hadi nimeona nyeupe ya ndani. Nitupe?*
Usitupe. Kama uko mbali na kitovu, bado inaweza kuota, ila vimelea sasa wana mlango mpana. Ipande leo kwenye mchanga safi, na usiiloweke usiku kucha.

*Naweza kukwaruza zote leo nikapanda mwezi ujao?*
Hapana ndugu yangu. Ganda ndilo lililokuwa linaitunza. Hifadhi zikiwa nzima na kavu, kwaruza za kupanda tu.

*Zinazoelea ni mbovu?*
Si lazima. Nyingine zina hewa chini ya ganda. Pasua mbili tatu: kiini kikiwa kigumu na kimejaa, elea yake isikutishe. Kikiwa kimesinyaa au hakipo, hapo sawa, ondoa.

*Pilipili zangu zinachelewa sana, nizipige msasa?*
Acha. Ganda lake linapitisha maji. Pilipili inataka joto la udongo na subira.

*Yangu imevimba tangu mwezi uliopita na haioti. Nimekosea wapi?*
Ibonyeze. Ikiwa laini na inanuka, imekufa. Ikiwa imara, huenda kiinitete chenyewe, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, kimelala, na huko msasa haufiki. Tufaha ni hivyo: mbegu yake hukaa kwenye unyevu na ubaridi wa juu kidogo ya nyuzi 0 kwa miezi miwili mitatu ndipo iamke. Kuna miti yenye matatizo yote mawili. Hiyo unaanza na ganda, halafu ubaridi. Ukigeuza, mbegu itakaa kwenye ubaridi ikiwa kavu ndani, na muda wote huo unapotea bure.

*Nimepata mbegu za mgunga zilizosahaulika kabatini miaka mingi. Kuna tumaini?*
Kwa ganda gumu, lipo. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kuotesha mbegu ya lotasi, lile ua la majini linalofanana na yungiyungi, iliyotoka kwenye ziwa lililokauka nchini China. Umri wake ulikuwa karibu miaka 1,300. Zako toa 20, kwaruza, loweka, tuambie zimevimba ngapi.