Farasi mmoja, matandiko mawili

Ukija kwenye mashindano ya wazi (ya farasi wa aina zote) hapa Marekani, anza na karatasi: cheti cha Coggins, kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba farasi hana anemia ya kuambukiza. Mengi hayakupokei bila hicho.

Mwandaaji, farasi yule yule hushindana kwa matandiko yote mawili, basi tanguliza mashindano ya tandiko la Kiingereza, toa pumziko la maana, ndipo ulete ya tandiko la kikaoboi. Kubadili tandiko, hatamu na mavazi kunachukua muda. Siwezi kuvumilia kuona mtoto akihangaika na mkanda wa tumbo huku namba yake ikiitwa.

Uwanjani, kwa tandiko la Kiingereza, farasi akichapuka, inuka kutoka kwenye tandiko kila mguu wake wa mbele wa upande wa nje, ulio karibu na uzio, unapokwenda mbele. Kwa tandiko la kikaoboi keti tu, hatamu zilegee, farasi achapuke taratibu. Ukiona utepe mwekundu mkiani, kaa mbali: huyo hupiga mateke.