Namna ya Kufunga na Kusajili Ndoa ya Kiislamu Tanzania Bara

Toeni taarifa ya kusudio la kuoana kwa shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa angalau siku 21 kabla ya nikahi, kama inavyoelekeza Sheria ya Ndoa ya 1971. Kisha bibi harusi aulizwe mwenyewe, faraghani, kama ameridhia na anataka mahari gani, kwani mahari ni haki yake, si ya baba wala ya wajomba. Nami nasisitiza kiandikwe kiasi kilicholipwa na kilichobaki kuwa deni. Siku ya nikahi wawepo walii (baba au ndugu wa kiume anayemwoza bibi harusi) na mashahidi wawili. Kabla ya kutia saini, linganisheni majina na vitambulisho herufi kwa herufi, maana kosa dogo kwenye cheti huwasumbua wajane wakati wa mirathi.