Namna ya Kuandaa Madai ya Walimu Kuhusu Mishahara, Mazingira ya Kazi na Heshima

Kila mtu huusifu ualimu, na sifa hizo hazimgharimu mtu chochote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaotaka kuvuka hatua ya sifa: wawakilishi wa walimu shuleni, viongozi wa matawi ya vyama vya walimu, na wazazi walio katika kamati za shule, ambao wanaona walimu wao wakifanya kazi katika hali isiyoridhisha lakini hawajui waanzie wapi. Msimamo wake ni kwamba heshima kwa mwalimu hupimika kwa saa, kwa fedha na kwa utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na kwamba dai lisilopimwa hujibiwa kwa hotuba.

Jueni kwanza mnasimama juu ya nini

Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuteni nyaraka tatu: sheria ya ajira inayowahusu walimu katika nchi yenu, mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na masharti ya kazi) kama chama chenu kimeusaini na mwajiri, na Pendekezo Kuhusu Hadhi ya Walimu lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 chini ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO. Tarehe hiyo ndiyo chimbuko la Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994. Pendekezo hilo lina aya 146, nalo linagusa mafunzo, ajira, nidhamu, saa za kazi, likizo na mishahara kwa undani ambao huwashangaza hata walimu wa miaka mingi.

Lakini msilibebeshe mzigo lisioweza kuubeba. Pendekezo haliridhiwi na nchi kama mkataba wa kimataifa, na mwajiri hawezi kushtakiwa mahakamani kwa sababu tu amelipuuza. Nguvu yake ni ya kipimo: linaonyesha serikali zenyewe zilikubaliana kuwa mwalimu anastahili nini. Mikataba namba 87 ya mwaka 1948 na namba 98 ya mwaka 1949 ya Shirika la Kazi Duniani, inayohusu uhuru wa kujiunga na vyama na haki ya majadiliano ya pamoja, huifunga nchi iliyoiridhia. Kwa hiyo ulizeni mapema kama nchi yenu imeiridhia, na sheria zake zinasemaje hasa kuhusu watumishi wa umma. Katika waraka wenu tangulizeni sheria ya nchi, kisha mkataba wa hali bora, na Pendekezo la 1966 lifuate.

Hesabuni saa zote

Kosa linalojirudia ni kupima kazi ya mwalimu kwa idadi ya vipindi pekee. Chukueni mfano wa mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Ratiba inaonyesha saa 18 na dakika 40, na afisa asiyewahi kufundisha ataona kuwa mtu huyo ana nafasi tele. Sasa ongezeni maandalizi ya dakika 15 kwa kila kipindi, yaani saa 7. Mwalimu huyo akiwa na mikondo minne ya wanafunzi 45, akatoa zoezi moja tu kwa wiki na kusahihisha kila daftari kwa dakika tatu, madaftari 180 yatamla saa 9. Jumla imefika saa 34 na dakika 40, naye bado hajashika zamu, hajaingia kikaoni, hajajaza ripoti wala kuzungumza na mzazi hata mmoja.

Aya ya 90 ya Pendekezo inataja mambo hayohayo ya kuzingatiwa katika kupanga saa za kazi: idadi ya wanafunzi anaowafundisha, muda wa kuandaa masomo na kusahihisha, idadi ya masomo tofauti anayopangiwa kwa siku, shughuli za nje ya darasa, na muda wa kuwasiliana na wazazi. Tengenezeni jedwali lenye safu hizo, kila mwalimu alijaze kwa wiki mbili za kawaida. Wiki ya mitihani iachwe, kwa kuwa mwajiri atasema mmechagua wiki nzito makusudi. Kila mtu aandike saa zake halisi bila kuzipamba, kwa maana jedwali moja lililotiwa chumvi huwaharibia wote.

Katika hatua hii hii orodhesheni yanayohusu mahali pa kazi: meza ya kufanyia kazi, maji safi, vyoo vya walimu, na makazi kwa wale waliopangwa mbali, ambao Pendekezo linataka wapewe nyumba zinazofaa, ikiwezekana bila kodi au kwa kodi nafuu.

Mshahara: thamani, muundo na daraja

Hapa ndipo madai mengi huporomoka, kwa sababu huja na neno "kidogo" bila kusema kidogo kuliko nini. Aya ya 115 inatoa vigezo vya kulinganishia: mshahara uonyeshe umuhimu wa kazi yenyewe kwa jamii, usipungue ule wa kazi nyingine zinazodai sifa zinazolingana za elimu, umwezeshe mwalimu na familia yake kuishi vizuri na kujiendeleza, na uzingatie tofauti za uzoefu na majukumu. Tafuteni basi viwango vya mishahara vilivyotangazwa vya wahasibu, maafisa kilimo au wauguzi wenye ngazi ileile ya elimu kwa mwajiri huyohuyo, mviweke sambamba na vya walimu wanaoanza kazi, wenye miaka kumi, na wanaokaribia kustaafu. Mara nyingi pengo kubwa hujitokeza katikati ya utumishi, mahali ambapo hotuba za nyongeza kwa walimu wapya hazifiki.

Kisha pimeni thamani halisi. Mshahara ukipanda kwa asilimia 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, 100 inakuwa 109.27. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka kwa muda huohuo, kilichonunuliwa kwa 100 kinahitaji 119.10. Mwalimu huyo ameongezwa mshahara mara tatu, na uwezo wake wa kununua umepungua kwa zaidi ya asilimia 8. Wekeni takwimu rasmi za mfumuko wa bei za nchi yenu katika hesabu hiyo. Ukurasa mmoja unatosha.

Mkipewa posho badala ya nyongeza, msishangilie haraka. Katika mifumo mingi pensheni na michango ya hifadhi ya jamii hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi, na posho inaweza kufutwa kwa waraka mmoja. Kuhusu madaraja, Pendekezo linasema safari ya kutoka kiwango cha chini hadi cha juu cha mshahara wa msingi isizidi kati ya miaka kumi na kumi na tano, na kwamba mfumo wa kulipa kwa kupima ufanisi usianzishwe bila vyama vya walimu kushauriwa na kuukubali. Binafsi naona kipengele hiki cha mwisho ndicho cha kushikiliwa kwa nguvu zaidi, kwani matokeo ya mtihani hubeba pia njaa ya mtoto, utoro na uhaba wa vitabu.

Utaratibu wa malalamiko

Mwalimu anayefokewa na mzazi mbele ya darasa hataponywa na cheti cha pongezi. Shule inaweza kulirekebisha jambo hili yenyewe, bila bajeti na bila kusubiri wizara. Andikeni utaratibu mfupi: mzazi mwenye lalamiko azungumze kwanza na mkuu wa shule na mwalimu husika, likipelekwa ngazi ya juu liwe kwa maandishi, na mwalimu apewe nakala, uchunguzi umpe nafasi ya kujitetea, na usitangazwe. Hayo yote yamo katika Pendekezo la 1966. Utaratibu huo pia humlinda mtoto mwenye lalamiko la kweli, kwa kuwa halitapotea katika maneno ya barazani. Tuhuma za ukatili au unyanyasaji zifuate sheria ya kumlinda mtoto moja kwa moja, bila kusubiri kikao cha shule.

Kuwasilisha na kufuatilia

Yagaweni madai kulingana na mwenye uwezo wa kuyatekeleza. Ratiba, zamu na vikao viko mikononi mwa mkuu wa shule. Kumdai yeye mishahara ni kumgeuza adui bila faida. Mishahara na madaraja yapitie chama, kwa mwajiri. Kila ahadi iingie katika muhtasari wa kikao ikiwa na cheo cha anayehusika, kiasi na tarehe, na muhtasari usainiwe na pande zote.

Hati ya kwanza ya mshahara baada ya makubaliano isomwe kwa makini. Tazameni mstari wa mshahara wa msingi kabla ya jumla ya chini, kisha makato, kisha kama malimbikizo yamehesabiwa tangu tarehe iliyokubaliwa. Mkiona tofauti, andikeni barua mwezi huohuo, mkiambatisha nakala ya muhtasari, na mdai barua yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.